Safu ya Mhusika

Mimi ndiye mwandika muhtasari wa bodi.
Miaka kumi na minne, daftari la mistari, kalamu ya bluu,
ghorofa ya pili juu ya duka la pembejeo, hapa Moshi,
ambapo ngazi zinanuka dawa ya kahawa.
Kila ajenda ina safu tatu:
lililosemwa, litakalofanyika, mhusika.
Safu ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote,
na ndiyo watu huikimbia.

Jumatano tulifika ajenda ya saba.
Ombi la Ndeonansia Temu wa Uru,
milioni mbili, ng'ombe wa maziwa na banda.
Limekataliwa.
Nikauliza, kama niulizavyo siku zote: na nani?
Mwenyekiti akasema, "Na mfumo."

Mfumo ulitujia mwezi wa tatu ndani ya kompyuta mpakato
ya kijana mmoja kutoka Arusha, viatu vinang'aa kama lami ya mvua.
Una akili mnemba, alisema. Umesoma mikopo elfu tisini.
Hauli, haulali, haujui shemeji wala mjomba.
Tulipiga makofi. Mimi nami nilipiga;
namkumbuka afisa mikopo aliyekuwa akipimwa kwa mikungu ya ndizi.

Na kweli, haujui shemeji.
Ndiyo maana haukujua kwamba kihamba cha Ndeonansia
kingali na jina la shemeji yake,
ambaye hajaonekana tangu matanga;
kwamba laini anayopokelea fedha ni ya mwanawe;
kwamba mwaka aliokosa kuweka akiba
aliumalizia hospitalini, kwenye kiti cha plastiki,
akimshikia mumewe kikombe cha uji.
Uliona: hana ardhi. Hana miamala. Hana akiba.
Alama thelathini na nane kwa mia.
Haukudanganya.
Ulichukua kweli tatu ukazijumlisha, jibu likawa uongo.

"Mashine haina upendeleo," akasema Bwana Kisamo,
mhasibu mstaafu, akifunga faili.
Aisaria Mmbando, aliyekuwa akihesabu risiti zake chini ya meza,
akauliza bila kuinua kichwa:
"Hiyo mikopo elfu tisini iliyosoma,
waliokuwa wakiipitisha ni malaika?
Si sisi sisi?"
Hakuna aliyejibu. Nikaandika: kimya.
Kisha nikafuta, kwa sababu kimya hakiingii kwenye muhtasari.

Dirishani mlima ulikuwa umejifunika,
kama kawaida yake panapohitajika shahidi.

"Andika mfumo, mama, tuendelee."
Kalamu ilifika kwenye safu nyembamba ikakataa.
Nikasema, na sauti yangu ilitetemeka, sitaficha:
Kwetu mfereji una zamu.
Maji yakivunja ukingo usiku yakang'oa migomba ya mtu,
hatusemi maji yameamua.
Tunauliza, nani alikuwa zamu?
Mfumo hauna sahihi, mwenyekiti.
Ijumaa huyu mama atakaa kwenye benchi la kijani pale chini.
Ataitiwa nani?

Walibishana mpaka chai ikapoa.
Ikapita hivi: mashine ipendekeze, mtu akatae;
na anayekatawa aambiwe sababu kwa maneno anayoyaelewa,
na mahali pa kwenda kulalamika.
Vizuri. Nani anaanza?
Viti vililia. Bwana Kisamo akakumbuka basi lake.
Mwenyekiti akavuta daftari langu, akapapasa mfukoni,
akaandika jina lake mwenyewe kwenye safu.
Kwa penseli.

Nyumbani usiku nilitamani kulipitishia wino.
Nililala nalo, daftari chini ya mto.
Sikulipitishia. Si jina langu.

Leo Ijumaa amefika, kitenge kimepigwa pasi,
bahasha ya vyeti kifuani kama mtoto mchanga.
Nimemwonyesha mlango. Amebisha mara mbili.
Kabla haujafungwa nimeona mezani,
kando ya daftari lililofunguliwa,
raba.